Lumumba: karani wa Maniema aliyezungumuza kwenye iniversite ya Ibadan

Hapa kwetu Kailo, wengi wanaamini kwamba kuzungumuza mambo ya uchumi na siasa mbele ya wanafunzi wa iniversite ni kazi ya wenye diploma kubwa tu. Lakini mmoja kati ya Wakongomani wa kwanza waliofanya kazi hiyo kule inje hakusoma iniversite hata siku moja. Na mbele ya kujulikana, alitumika hapa Maniema.

Patrice Lumumba alizaliwa tarehe 2 Julai 1925 kijijini Onalua, Katako-Kombe, upande wa Sankuru. Alisoma kwenye shule za wamisionari, Wakatoliki na Waprotestanti, bila kufika mbali. Wakati wa vita ya pili ya dunia alikuja kutafuta kazi huku kwetu, akawa karani wa Symétain, kampuni ya Wabeleji iliyokuwa inachimba madini upande wa Kalima. Sisi watu wa Kailo tunajua kasiterite ni nini: wazee walichimba, mali ikaenda Ulaya.

Mwaka 1944 akaenda Stanleyville, ndiyo Kisangani ya leo, na huko akatumika kwenye posta. Shule yake ya juu ilikuwa masomo ya posta, miezi michache tu, Léopoldville. Mengine alijifunza mwenyewe kwa kusoma vitabu na kuandikia magazeti. Hakukosa makosa: mwaka 1956 alikamatwa juu ya pesa ya posta, akafungwa mupaka 1957. Alipotoka aliuza pombe Léopoldville, na Oktoba 1958 akaanzisha na wenzake chama cha MNC. Desemba ile alikuwa Accra, kwenye mukutano wa Waafrika wote.

Miezi mitatu kisha, tarehe 22 Machi 1959, alisimama kwenye iniversite ya Ibadan, Nigeria, mwisho wa semina ya wasomi na wanasiasa kutoka inchi mbalimbali. Nigeria yenyewe ilikuwa bado chini ya Waingereza. Kwetu, iniversite ya Lovanium ilikuwa na miaka mitano tu, na Wakongomani waliomaliza masomo pale walihesabika kwa vidole.

Alisema nini? Kwanza, ukabila na mugawanyiko ni silaha ya mukoloni. Pili, uhuru wa siasa hauna maana kama uchumi na maisha ya raia haviendelei. Tatu, Wazungu wanakaribishwa kama marafiki wa kusaidia, hapana kama wakubwa wa kutawala.

Lakini kuna neno moja ambalo mutu anaweza kubishana naye hata leo. Alikubali kwamba upinzani wenye akili unahitajika ili kuchunga serkali, lakini aliona saa yake bado: kwanza watu wote wawe pamoja, vyama vingi vitakuja kisha uhuru kusimama. Juu ya vita ya uhuru, wazo lile linaeleweka. Ila miaka ya nyuma Mobutu, mutu aliyemuangusha, alitumia umoja wa taifa kama sababu ya kuweka chama kimoja, na saa ya upinzani ikachelewa sana.

Tarehe 30 Juni 1960 Kongo ilipata uhuru, Lumumba akiwa waziri mukuu. Siku 11 tu kisha, Katanga, jimbo la madini, likajitenga. Tarehe 17 Januari 1961 aliuawa huko Katanga, na miaka 35. Mwezi uliofuata, iniversite moja ya Moscow ikapewa jina lake, yeye ambaye hakuwa na diploma ya iniversite.

Leo Kindu kuna iniversite, na wageni wanaalikwa kuzungumuza. Mutoto wa muchimbaji wa Kailo akiingia pale, asiogope kunyanyua mukono na kuuliza mali ya udongo wetu inaenda wapi. Karani wa Symétain alikuwa na ulizo hilohilo.