George Perkins Marsh, Mchunguzi wa Misitu na Maji

Kaskazini-mashariki ya Marekani kuna jimbo dogo liitwalo Vermont. Ni nchi ya milima na mabonde, tena yenye baridi kali. Kwa miezi mingi ya mwaka theluji hufunika ardhi. Jua likianza kupata nguvu, theluji huyeyuka na maji yake hushuka mitoni kwa wingi. Katika jimbo hilo, katika mji mdogo wa Woodstock, alizaliwa George Perkins Marsh tarehe 15 Machi, 1801.

Wenyeji wa kwanza wa nchi hiyo ni Waabenaki. Walowezi wa Kizungu walikuwa wamefika Woodstock miaka isiyozidi arobaini tu kabla ya Marsh kuzaliwa. Walikuta msitu mkubwa. Wakaanza kuukata kwa shoka na kuuchoma ili wapate mashamba. Majivu ya miti waliyauza, maana yalitumika kutengenezea sabuni na vioo. Kwa hiyo mtu aliyekata msitu alipata shamba na fedha pia. Ni nani angemwambia aache?

Baba yake Marsh, Charles Marsh, alikuwa wakili na mtu mkali. Nyumba yao ilikuwa karibu na mto, chini ya mlima uitwao Tom. Mtoto alipenda vitabu kupita kiasi. Alianza mapema kusoma kitabu kikubwa cha maarifa ya kila aina, akiinama juu yake saa nyingi, hata mahali penye mwanga hafifu. Alipokuwa na umri wa miaka saba au minane macho yake yakaharibika. Ilikuwa karibu awe kipofu. Kwa muda wa miaka minne hivi hakuweza kusoma.

Ndugu msomaji, wengi wetu tunajua ilivyo kutegemea macho ya mtu mwingine, kupeleka barua kwa jirani ili usomewe. Mtoto huyu alikuwa hivyo hivyo. Watu wa nyumbani walimsomea, naye akasikiliza na kushika moyoni. Saa nyingine alikwenda nje kutembea msituni na kando ya mito. Baba yake alimpandisha katika gari la farasi, akamwonyesha miti na kumtajia majina yake. Siku moja alimwonyesha mgongo wa kilima unaogawa maji, yaani mvua ikinyesha upande huu maji huenda mto huu, na ikinyesha upande ule huenda mto mwingine. Somo hilo Marsh hakulisahau mpaka uzeeni.

Macho yalipopata nafuu alirudi kwenye masomo. Alimaliza chuo cha Dartmouth mwaka 1820. Akajaribu ualimu, lakini macho yakamsumbua tena. Basi akasoma sheria, na mwaka 1825 akawa wakili katika mji wa Burlington, kando ya ziwa Champlain. Kazi ya uwakili hakuipenda. Alipenda zaidi lugha, na inasemekana alijifunza lugha zipatazo ishirini.

Mwaka 1833 msiba mkubwa ulimpata. Mke wake Harriet alifariki, na siku chache baadaye mtoto wao mmoja akafariki pia. Alibaki na mtoto mmoja wa kiume. Mwaka 1839 alimwoa Caroline Crane, mwanamke msomi aliyekuwa mwalimu.

Sasa tuangalie mambo ya kondoo, maana hapo ndipo penye kiini cha habari hii. Katika miaka hiyo watu wa Vermont walishikwa na tamaa ya sufu. Kondoo wa aina ya merino, wenye sufu nzuri, waliletwa kutoka Hispania, na bei ya sufu ikapanda. Kila mwenye shamba alitaka malisho. Misitu ikakatwa hata kwenye miteremko mikali isiyofaa kulimwa. Kufikia mwaka 1840 jimbo lilikuwa na watu wapatao 290,000, na kondoo karibu 1,700,000. Maana yake kwa kila mtu mmoja, mtoto au mzee, walikuwako kondoo karibu sita.

Marsh hakukaa kando akitazama makosa ya wengine. Yeye mwenyewe alifuga kondoo. Aliuza mbao. Aliweka fedha zake katika kiwanda cha kufuma nguo za sufu na katika njia ya reli. Naye alikuwa mmoja wa watu waliokula msitu. Mwaka 1846 serikali ya Marekani ilipunguza ushuru wa sufu iliyotoka nchi za nje. Bei ikaanguka. Kondoo wakawa hasara, kiwanda kikashindwa, na Marsh akapoteza mali nyingi. Alipogeuka kutazama vilima vile vilivyotolewa sadaka kwa ajili ya sufu, hakuona msitu wala utajiri.

Wakati huo alikuwa mbunge katika Bunge la Marekani, tangu mwaka 1843 hadi 1849. Septemba, 1847, wakulima wa wilaya ya Rutland, katika jimbo lake la Vermont, walimwalika ahutubie katika maonyesho yao ya kilimo. Wageni wa namna hiyo kwa kawaida huwasifu wakulima kwa jasho lao, kisha watu hula na kwenda zao. Marsh aliwasifu pia. Lakini aliwaambia jambo jingine. Aliwakumbusha kwamba mtu mzima yeyote akirudi mahali alipozaliwa ataona ardhi imebadilika. Vijito vilivyokuwa vikitiririka mwaka mzima sasa hukauka wakati wa kiangazi. Mvua ikinyesha kwa nguvu, mto hufurika mara moja na kuvunja madaraja. Akawaeleza sababu.

Sababu yenyewe si ngumu. Msituni ardhi imefunikwa na majani makavu na udongo mweusi uliooza. Tabaka hilo hunywa maji kama sifongo. Maji huingia chini polepole, kisha hutokea katika chemchemi taratibu, hata wakati usio na mvua. Mizizi nayo huushika udongo. Miti ikikatwa, na kondoo wakala kila mche unaochipua, sifongo ile hukauka na kuchukuliwa na maji. Mvua hupiga ardhi tupu. Maji hayapati mahali pa kuingia, hukimbia bondeni yakiwa yamebeba udongo. Hayo ndiyo mafuriko. Na kwa kuwa maji yamekwisha kwenda zake yote kwa siku moja, chemchemi zitapata nini wakati wa kiangazi? Watu wengi hudhani mafuriko na ukame ni maadui wawili. Marsh aliona kwamba mara nyingi baba yao ni mmoja.

Mwaka huo huo wa 1847 alizungumza pia juu ya historia. Wakati ule vitabu vya historia vilijaa habari za wafalme na vita. Marsh alitaka ziandikwe pia habari za watu wa kawaida, jinsi walivyolima, walivyojenga, walivyokula na kufanya kazi. Mimi naona mambo hayo mawili hayakutengana akilini mwake. Huwezi kujua kilima kimebadilika namna gani usipojua ni nani aliyekilima, lini, na kwa sababu gani.

Mwaka 1849 aliteuliwa kuwa balozi wa Marekani katika dola ya Waturuki. Alikaa Istanbul, mji ambao Wazungu wakati huo waliuita Constantinople. Mwaka 1851 alisafiri Misri, akapanda mto Nile mpaka Nubia, kisha akapita jangwa la Sinai kwa ngamia hadi Palestina. Njiani aliokota mimea, akakusanya samaki na mijusi, akavipeleka katika jumba la makumbusho la Washington. Lakini zaidi ya yote alitazama ardhi. Aliona magofu ya miji mikubwa mahali ambapo sasa hapakuwa na kitu ila mawe. Aliona milima mitupu iliyosifiwa na watu wa kale kwa misitu yake. Akaanza kujiuliza kama nchi hizo zilikuwa kavu tangu mwanzo, au kama watu ndio waliozifanya hivyo.

Si kila wazo lake lilikuwa jema. Safari ile ilimfanya ampende ngamia, akaandika kitabu kizima mwaka 1856 kuwashauri Wamarekani wafuge ngamia katika majangwa yao. Jeshi la Marekani lilileta ngamia Texas. Wanyama walifanya kazi vizuri, lakini vita vya wenyewe kwa wenyewe vilipoanza mwaka 1861 mpango ukaachwa, na baadhi ya ngamia wakatangatanga porini.

Aliporudi nyumbani mwaka 1854 alikuwa na madeni. Ilimbidi afanye kazi yoyote iliyopatikana. Moja ya kazi hizo ilikuwa kuchunguza kwa nini samaki wa mito ya Vermont walikuwa wakipungua. Taarifa yake ilitoka mwaka 1857. Alieleza habari za mabwawa yanayowazuia samaki kupanda mto, na takataka za viwanda vya kupasulia mbao. Hakuishia hapo. Alirudi tena msituni: mto usio na kivuli hupata joto, wadudu wanaoliwa na samaki hupungua, na mafuriko hufukia mahali pa kutagia mayai kwa matope. Aliyeombwa kueleza habari za samaki akaeleza habari za miti!

Mwaka 1861 Rais Abraham Lincoln alimpeleka Italia awe balozi. Alikaa katika kazi hiyo miaka 21, mpaka kufa kwake. Huko aliona milima ya Alps. Aliona mabonde yaliyofukiwa na mawe na changarawe kwa sababu misitu ya juu ilikatwa. Alisoma taarifa za wahandisi wa Ufaransa na Italia. Mambo aliyoyaona Vermont katika muda wa maisha ya mtu mmoja, hapa aliyaona yamefanyika kwa mamia ya miaka. Sasa aliweza kuyalinganisha.

Akaandika kitabu. Kilitoka mwaka 1864, nacho kiliitwa Man and Nature, maana yake Binadamu na Maumbile. Watu wengi wa wakati ule waliamini kwamba dunia ndiyo inayomfanya mtu awe alivyo. Marsh alisema mtu naye huibadilisha dunia, mara nyingi bila kujua, na hasara yake hurudi kwa watoto wake. Alieleza habari za misitu, maji, mchanga wa pwani, wanyama na hata wadudu wadogo. Lakini hakukata tamaa. Alisema mtu aliyeharibu anaweza kutengeneza, akipanda miti tena na kuipa miteremko mikali nafasi ya kupumzika. Lakini alionya kwamba kutengeneza huchukua muda mrefu kuliko kuharibu.

Hakutegemea fedha kutokana na kitabu hicho. Haki yake ya kukiuza aliitoa kwa shirika lililokuwa likiwahudumia askari wagonjwa na majeruhi wa vita. Baadaye haki hiyo ilinunuliwa na kurudishwa kwake, maana kitabu kilinunuliwa kuliko alivyodhani.

Miongoni mwa waliofuata mawazo hayo alikuwa daktari mmoja wa New York, Franklin Hough. Mwaka 1876 serikali ya Marekani ilimpa Hough kazi ya kuchunguza hali ya misitu ya nchi nzima. Mwaka 1885 jimbo la New York lilitunga sheria ya kuhifadhi misitu yake katika milima ya Adirondack na Catskill, na moja ya hoja kubwa ilikuwa kulinda maji ya mito.

Na kule Woodstock? Mwaka 1869 shamba la akina Marsh lilinunuliwa na Frederick Billings, mwenyeji wa Vermont aliyepata utajiri California. Naye alikuwa amekisoma kitabu. Akaanza kupanda miti kwenye mlima Tom, ule mlima ambao Marsh alipokuwa mtoto aliuona ukiwa umevuliwa nguo. Baadhi ya miti aliyoipanda Billings imesimama hadi leo. Tangu mwaka 1992 mahali hapo ni hifadhi ya taifa, na watu huenda kujifunza namna ya kutunza msitu huku ukitumika. Jimbo lote la Vermont nalo limebadilika. Kondoo walipopungua na watu wengi kuhamia magharibi, msitu ulirudi wenyewe juu ya malisho. Sasa karibu robo tatu za jimbo ni msitu. Anayetembea ndani yake hukuta kuta za mawe zilizokuwa mipaka ya malisho, katikati ya miti mikubwa.

Marsh hakuyaona hayo. Baada ya kwenda Italia hakurudi tena kuishi kwao. Mtoto wake aliyebaki alifariki mwaka 1865. Yeye na Caroline walizeeka ugenini, naye akaendelea kusahihisha kitabu chake kila alipopata habari mpya. Chapa nyingine, iliyosahihishwa, ilitoka mwaka 1874.

Katika kiangazi cha mwaka 1882 alikwenda kupumzika Vallombrosa, mahali penye msitu mzuri juu ya milima karibu na Florence. Hapo palikuwa na chuo cha kwanza cha misitu cha Italia, kilichofunguliwa mwaka 1869. Alifariki huko tarehe 23 Julai, akiwa na umri wa miaka 81. Wanafunzi wa chuo hicho waliubeba mwili wake, wakateremka nao mlimani wakipita katikati ya miti. Alizikwa Roma.