Aimé Behaeghe, Rubani wa Ziwa Tanganika

Aimé Behaeghe alizaliwa mwaka 1890 katika kijiji cha Kachtem, nchini Ubelgiji. Katika ujana wake alijifunza kuongoza ndege, kazi ambayo siku zile ilikuwa mpya na yenye hatari nyingi.

Mwaka 1914 vita kuu ilianza Ulaya, ikafika hata Afrika. Wajerumani walitawala ng'ambo ya mashariki ya Ziwa Tanganika, nao Wabelgiji ng'ambo ya magharibi. Katika bandari ya Kigoma Wajerumani walikuwa na merikebu kubwa, jina lake Graf von Götzen, iliyoshushwa majini mwaka 1915. Wabelgiji waliiogopa, kwa kuwa iliweza kuvusha askari wengi. Kwa hiyo waliwaomba Waingereza ndege, wakapewa nne, zenye maboya badala ya magurudumu, zipate kutua majini. Behaeghe akawa mmoja wa marubani waliotumwa.

Mwanzoni mwa mwaka 1916 ndege zile zilivushwa bahari mpaka Matadi. Toka hapo safari ilikuwa ndefu: mara reli, mara mto, kupita Stanleyville, ndiyo Kisangani ya leo, na Kindu, kukata nchi ya Maniema mpaka Kongolo na Kabalo, hata kufika ziwani. Watu wa Kongo walipakia na kupakua mizigo njiani. Majina yao hayajulikani kama jina la Behaeghe, lakini bila mikono yao ndege zile zisingeruka kamwe.

Huko Mtoa mawimbi ya ziwa yalikuwa makali mno kwa vyombo vile dhaifu. Basi wakatafuta maji yaliyotulia katika ziwa dogo la Tongwe, lililo karibu. Hapo Behaeghe akaruka, akawa rubani wa kwanza katika Afrika ya kati.

Mwezi wa Juni 1916 alivuka ziwa pamoja na mwenzake Collignon, aliyekuwa mtazamaji wake. Chini yao palikuwa na maji matupu. Kama mashine ingezimika, msaada ulikuwa mbali. Walifika Kigoma, wakaiangushia merikebu mabomu, wakarudi salama. Lakini merikebu haikuzama. Mwezi wa Julai, Wajerumani walipoihama Kigoma, waliizamisha wenyewe, baada ya kuzipaka mashine zake mafuta mazito zisile kutu.

Behaeghe hakuuona mwisho wa vita. Aliugua, akafa Niemba, kusini-mashariki ya Kabambare, tarehe 3 Desemba 1916, akiwa na umri wa miaka 26. Mabomu ya adui hayakumpata. Ugonjwa ndio uliomwangusha, kama ulivyowaangusha askari na wapagazi wengi katika vita ile.

Nayo merikebu? Waingereza waliiopoa mwaka 1924, na mwaka 1927 ikaanza kazi tena kwa jina la Liemba. Kwa miaka mingi ilichukua wasafiri, samaki na nafaka. Mwaka 1997 ilirudisha nchini Kongo wakimbizi zaidi ya 75,000 waliokuwa wamekimbia vita.

Hivyo chombo ambacho kijana hodari alitumwa kukiangamiza kilikuja kuwarudisha akina mama na watoto makwao. Mtu hufanya kazi aliyopewa kwa siku zake chache. Mwisho wa kazi hiyo haujui. Tena adui wa leo aweza kuwa msaada wa kesho. Basi asiwepo mtu wa kufurahia maangamizi.