Alan Turing: Mwasisi wa Uthibitishaji wa Programu

Alan Mathison Turing alizaliwa jijini London tarehe 23 Juni 1912. Alisomea hisabati katika Chuo cha King's, Cambridge. Katika makala yake mashuhuri ya mwaka wa 1936, alithibitisha kwamba hakuna kanuni moja ya kimakanika iwezayo kuamua iwapo kila kauli ya mantiki inathibitika au la. Wakati wa Vita Vikuu vya Pili, alishiriki kufumbua misimbo ya Wajerumani huko Bletchley Park.

Baada ya vita aligeukia usanifu wa tarakilishi. Katika mhadhara wa mwaka wa 1947 alifafanua kuwa, kwa vile maagizo huhifadhiwa kama nambari, mashine yaweza kuyabadilisha maagizo yake yenyewe. Hapo palizuka swali zito: programu inayobadilika itaaminiwaje?

Msingi wa jibu aliuweka Cambridge mnamo Juni 1949, katika makala fupi mno. Alitoa mfano wa kujumlisha: mhakiki akiandikiwa jumla ya kila safu pamoja na nambari iliyobebwa, huweza kukagua kila safu peke yake. Vivyo hivyo, mtunzi wa programu aandike kauli zinazopaswa kuwa kweli katika kila hatua, kisha aonyeshe kiasi kinachopungua daima, ili ijulikane kuwa kazi itafika kikomo. Mbinu hii haikukinzana na hoja ya 1936. Ingawa hakuna kanuni ya kuhakiki programu zote, mtunzi aweza kuithibitisha yake.

Mwaka wa 1952 Turing alitiwa hatiani kwa uhusiano wake na mwanamume mwingine, jambo lililokuwa jinai nchini Uingereza, akakubali tiba ya homoni ili aepuke kifungo. Alifariki tarehe 7 Juni 1954, akiwa na umri wa miaka 41. Msamaha wa kifalme ulitolewa mwaka wa 2013.

Makala yake nayo ilisahaulika. Robert Floyd mwaka wa 1967 na Tony Hoare mwaka wa 1969 ndio walioijenga taaluma hiyo. Ya Turing ilichapishwa upya mwaka wa 1984. Leo, mifumo huongezewa na kupunguziwa sehemu ingali ikifanya kazi. Hata hivyo, anayeithibitisha huanzia pale pale alipoanzia Turing: kutaja bayana lipi lisibadilike kabla na baada ya kila badiliko. Usipoziba ufa, utajenga ukuta.