Evaristo Muyinda, mwalimu wa marimba za Kabaka

Hayati Evaristo Muyinda, aliyezaliwa mwaka 1914, alikuwa mwanamuziki wa kasri la Kabaka huko Mengo, Kampala. Kasri hilo lilikuwa na vikundi vyake vya ngoma, filimbi, zeze, vinubi na marimba, kila kimoja na kazi yake.

Marimba ya amadinda ina mbao 12 na hupigwa na watu watatu. Wawili hutazamana, pigo la mmoja likiingia katikati ya mapigo ya mwenzake. Wa tatu hushika mbao mbili za mwisho. Hakuna anayeweza kuutoa wimbo wote peke yake.

Muyinda alifanya kazi pia katika Jumba la Makumbusho la Uganda, akiwapigia wageni na kuwafundisha. Mwaka 1959 alianza kumfundisha kijana kutoka Austria, Gerhard Kubik, ambaye baadaye alikuwa mtafiti mashuhuri wa muziki wa Afrika.

Mei 24, 1966 jeshi la serikali ya Obote lilishambulia kasri. Kabaka Mutesa II alikimbilia Uingereza, ala ziliharibiwa na wanamuziki wakatawanyika. Mwaka 1967 falme zilifutwa.

Muyinda aliaga dunia mwaka 1993, mwaka uleule ufalme wa Buganda uliporejeshwa. Sisi tuliorudi kutoka ugenini tunajua kwamba nyumba iliyobomolewa hujengwa tena. Wimbo usiofundishwa haurudi. Yeye alifundisha, na amadinda bado inapigwa.