Jenerali Broglio na Setilaiti za Ikweta

Miongoni mwa wanajeshi waliotumikia elimu, marehemu Jenerali Luigi Broglio wa Italia astahili kukumbukwa na askari wa Afrika Mashariki. Alizaliwa Mestre, karibu na Venice, tarehe 11 Novemba, 1911. Alisomea uhandisi mjini Roma, akaingia jeshi la anga, na baadaye akaongoza chuo cha uhandisi wa ndege katika mji huo huo.

Mwaka 1962 Italia na Marekani zilipatana juu ya mradi wa San Marco. Marekani ilitoa roketi iitwayo Scout. Broglio na wenzake wakaunda setilaiti ya kupima hewa nyembamba ya huko juu. Kabla ya kukata bati wala kukaza parafujo, ilibidi iamuliwe kila sehemu itafanya kazi gani, ndipo ichaguliwe mali ya kuiundia. Gamba la nje lilitakiwa liwe jepesi, lipate kusukumwe hata na hewa haba. Kiini kiwe kizito. Na mikono ya kuviunganisha inyumbuke kidogo, bila kuharibiwa na joto la jua wala baridi ya kivuli cha dunia. Roketi ilikuwa ndogo, hivyo kila kilo ilihesabiwa. Kosa la mwanzoni halikuwa na dawa, kwani chombo kikisharuka fundi hawezi kukifuata.

Setilaiti ya kwanza ilirushwa na kikosi cha Waitalia kutoka Marekani tarehe 15 Desemba, 1964. Ya pili iliruka tarehe 26 Aprili, 1967 kutoka jukwaa la chuma baharini karibu na Malindi, Kenya. Ilifuata ikweta, ikapita juu ya Uganda au jirani zake mara zaidi ya kumi kwa siku. Mbarara, na Nakivale walikohifadhiwa wakimbizi wa Rwanda, zilikuwa katika njia yake.

Jukwaa hilo lilirusha setilaiti tisa hadi mwaka 1988. Broglio alifariki tarehe 14 Januari, 2001, na kituo cha Malindi kikapewa jina lake. Tarehe 7 Novemba, 2022 ilirushwa setilaiti ya kwanza ya Uganda, PearlAfricaSat-1, iliyoundwa na wahandisi wake nchini Japani.

Kanuni ya Broglio yamhusu kila askari. Viatu vya doria katika matope ya Mbarara na turubai la kambi ya Nakivale viagizwe baada ya kazi yake kujulikana, si kwa kupokea tu kilichomo ghalani.