HANS NIELSEN HAUGE (1771–1824): MFANYABIASHARA, MLEI NA BABA WA FAMILIA

Historia ya Kanisa la Kilutheri huwataja zaidi maaskofu, wamisionari na walimu wa teolojia. Lakini wamo pia watu ambao hawakuwekewa mikono, walioishi kwa jembe na mizani, na ambao Mungu aliwatumia kuliamsha Kanisa lake. Mmoja wao ni Hans Nielsen Hauge wa Norway. Usharika unapotimiza miaka 100, inafaa maisha yake yakumbukwe, kwa kuwa ibada za jumuiya zinazofanyika majumbani mwa Wakristo zinafanana sana na mikutano ambayo kwa ajili yake alitupwa gerezani.

Kuzaliwa na Wito

Hauge alizaliwa tarehe 3 Aprili 1771 huko Rolvsøy, kusini-mashariki mwa Norway, katika familia ya wakulima wacha Mungu. Hakupata elimu ya juu. Tarehe 5 Aprili 1796, alipokuwa akilima shamba la baba yake huku akiimba wimbo wa kiroho, alijazwa upendo wa Mungu kwa namna ambayo hakuisahau maisha yake yote. Tangu siku hiyo alijua kwamba ameitwa kuwahubiri watu toba na imani iliyo hai.

Kwa miaka iliyofuata alizunguka sehemu kubwa ya nchi, mara nyingi kwa miguu, akifuma soksi njiani ili mikono yake isikae bure. Aliandika vitabu zaidi ya 30. Lakini sheria ya mwaka 1741 ilizuia walei kuitisha mikutano ya Neno la Mungu bila usimamizi wa mchungaji wa mahali, hivyo alikamatwa mara nyingi.

Biashara na Kifungo

Mwaka 1801 alipata haki ya kufanya biashara katika mji wa Bergen. Alifanya biashara ya nafaka na samaki katika pwani ya Norway, na pamoja na rafiki zake akaanzisha kiwanda cha karatasi huko Eiker. Popote alipopita aliwahimiza watu kuboresha kilimo na kujenga vinu, kwa kuwa aliamini mali ni amana ya Mungu. Maadui zake walidai kwamba anakusanya fedha za wanyonge kwa kisingizio cha dini.

Mwezi wa Oktoba 1804 alikamatwa tena, na safari hii hakuachiliwa. Mali zake zilichukuliwa na kuuzwa. Mwaka 1809, vita vilipoleta upungufu wa chumvi, serikali ilimtoa kwa miezi michache ili aanzishe viwanda vya chumvi. Kazi ilipokwisha akarudishwa kifungoni hadi mwaka 1811. Mwaka 1813 alihukumiwa kazi ngumu ya miaka miwili, na mwaka 1814 mahakama ya juu ikaipunguza adhabu hiyo kuwa faini ya riksdaler 1,000. Aliingia gerezani akiwa na umri wa miaka 33, mwenye nguvu. Alitoka afya yake ikiwa imeharibika.

Maisha ya Nyumbani

Biashara yake kubwa ya zamani hakuirudia tena. Alikaa Bakkehaugen, karibu na Christiania, mji ambao leo ni Oslo. Mwezi wa Januari 1815 alifunga ndoa na Andrea Nyhus. Kabla ya mwaka huo kwisha, Andrea alifariki baada ya kumzaa mtoto wa kiume, Andreas. Mwaka 1817 Hauge alimwoa Ingeborg Marie Olsdatter, na familia ikahamia Bredtvet. Mungu aliwajalia watoto watatu, lakini wote walifariki wakiwa wadogo.

Katika misiba hiyo mlango wa nyumba yake haukufungwa. Wakulima walikuja kutafuta shauri, na hata maaskofu na wachungaji walimtembelea. Alikuwa na kila sababu ya kuwa na uchungu na Kanisa, kwa kuwa baadhi ya watumishi wake ndio waliomshtaki. Lakini katika wasia wake aliwasihi rafiki zake wasijitenge nalo, bali waendelee kushiriki Sakramenti mikononi mwa wachungaji wao. Hapo ndipo ukubwa wake unapoonekana.

Matunda

Hauge alilala katika Bwana tarehe 29 Machi 1824, akiwa na umri wa miaka 52, akazikwa katika Kanisa la Gamle Aker. Andreas alikua akawa mchungaji na mbunge. Mwaka 1842 sheria iliyomfunga baba yake ilifutwa, na mwaka huohuo wengi wa wafuasi wa Hauge walishiriki kuanzisha Shirika la Misioni la Norway huko Stavanger. Uamsho wa walei haukukoma hapo. Kutoka katika mkondo wake ilitokea Misioni ya Kilutheri ya Norway, ambayo mwaka 1955 ilifungua Hospitali ya Haydom katika nchi ya Wambulu.

Wazee wa Kanisa, wafanyabiashara na wazazi wa usharika wanayo hapa mfano. Mali inaweza kupotea na afya inaweza kuvunjika, lakini mtu anayedumu katika Kanisa bila kinyongo huacha urithi usioweza kupigwa mnada. Utukufu ni wa Mungu peke yake.