Albert Michelson, mtu aliyeigawa nuru

Albert Abraham Michelson alipofariki dunia mjini Pasadena, California, tarehe 9 Mei 1931, wasaidizi wake walikuwa bado wakipima kasi ya nuru ndani ya bomba la chuma la maili moja lililoondolewa hewa. Alikuwa na umri wa miaka 78, na kazi hiyo alikuwa ameianza zaidi ya nusu karne kabla.

Alizaliwa tarehe 19 Desemba 1852 huko Strelno, mji uliokuwa chini ya Prussia na ambao leo umo nchini Poland. Wazazi wake, Wayahudi wenye biashara ndogo, walihamia Marekani akiwa mtoto mdogo. Huko waliwafuata wachimba dhahabu wa California, kisha wachimba fedha wa Nevada, wakiwauzia bidhaa.

Mwaka 1869 kijana huyo alikosa nafasi ya jimbo lake katika chuo cha jeshi la majini. Alifunga safari hadi Washington kumwona Rais Ulysses Grant. Nafasi kumi zilizokuwa mikononi mwa Rais zilikuwa zimekwisha, lakini akapatiwa ya ziada. Ni katika chuo hichohicho cha Annapolis alikorudi kufundisha fizikia, na mwaka 1879 akapima kasi ya nuru kwa usahihi uliowashangaza wakubwa wake, kwa msaada wa dola 2,000 za baba mkwe wake.

Wakati huo wanasayansi waliamini kwamba nuru husafiri ndani ya kitu kisichoonekana kilichojaa angani kote, kiitwacho etha. Ikiwa ni hivyo, dunia inayolizunguka jua kwa kilomita 30 kila sekunde ingepaswa kukumbana na upepo wa etha, na nuru inayokwenda kinyume na upepo huo ingechelewa kidogo. Namna ya kuupima ucheleweshaji huo ndiyo iliyokuwa kitendawili.

Jibu la Michelson lilikuwa kipande cha kioo. Kila aliyesimama mbele ya dirisha la duka wakati wa magharibi anajua kuwa kioo kimoja chaweza kuonyesha bidhaa zilizomo ndani na papo hapo kumrudishia mtazamaji sura yake. Michelson alikipaka kioo chake fedha na kukilaza mshazari, nyuzi 45, mbele ya taa. Nusu ya nuru ilipenya na nusu ikageuzwa pembeni. Miali hiyo miwili ilisafiri njia zake, ikarudishwa na vioo vingine, ikakutana tena na kufanya mistari ya mwanga na giza. Mmoja ukichelewa, mistari husogea.

Uteuzi wa kioo ulikuwa ndiyo kazi yenyewe. Fedha ikizidi unene, nuru karibu yote hurudi. Ikipungua, karibu yote hupita. Tena mwali mmoja ulikipita kioo hicho mara tatu na mwenzake mara moja tu, hivyo ilibidi kioo cha pili chenye unene uleule kiwekwe katika njia ya ule uliopunjwa.

Jaribio la kwanza, la mwaka 1881, liligharimiwa na Alexander Graham Bell. Mitikisiko ya mji wa Berlin ililiharibu, likahamishiwa Potsdam. Mistari haikusogea, na baadaye Lorentz wa Uholanzi akaonyesha kosa katika hesabu.

Huko Cleveland, Michelson alishirikiana na mkemia Edward Morley. Mwaka 1885 akili yake ilielemewa na kazi, akaenda kutibiwa. Mwaka uliofuata moto ukaunguza chuo chake. Hata hivyo, Julai 1887 wawili hao walikuwa wakilizunguka jiwe kubwa lililoelea juu ya zebaki, likigeuka polepole pamoja na vioo vyake. Walitarajia mistari isogee kwa sehemu 4 katika 10 za upana wake. Haikufikia hata moja katika 20.

Michelson alilihesabu kuwa jaribio lililoshindwa. Hata baada ya nadharia ya Einstein ya mwaka 1905 kuiondolea etha kazi yake, hakuwahi kuiaga kwa moyo mkunjufu. Tuzo ya Nobel aliyopewa mwaka 1907, ya kwanza ya sayansi kwa Mmarekani, ilitolewa kwa ajili ya ala zake na vipimo alivyofanya kwazo.

Kioo chake kimezaa ukoo mkubwa. Katika hadubini za kuchunguza chembe zinazong'aa, kioo chenye tabaka maalumu huirudisha nuru ya buluu kwenye sampuli na kuipisha ya kijani inayotoka humo. Mitambo ya leza huhitaji kioo kisichofyonza joto. Tarehe 14 Septemba 2015 mitambo miwili ya Marekani yenye mikono ya kilomita 4, iliyojengwa kwa kanuni ya Michelson, ilinasa kwa mara ya kwanza mawimbi ya mvutano kutoka angani.

Upimaji wa bombani ulikamilika mwaka 1933 na kutoa kilomita 299,774 kwa sekunde, pungufu kwa takriban kilomita 18 ya kiwango kilichoidhinishwa mwaka 1983. Kile alichokipata mwenyewe mwaka 1926, kati ya vilele viwili vya milima ya California, kilikosea kwa kilomita zisizofika 4.